Mfupa wa Ishango: Urudi kwa Nani?

Pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pana ukingo ulioinuka uitwao Ishango. Ukiupimia angani, haufiki kilomita 60 kutoka Butembo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua ukingo huo akatoa vyusa vya mfupa, mawe ya kusagia, mifupa ya watu, na kipande kimoja cha mfupa wa mnyama chenye urefu wa takriban sentimita 10. Ni chembamba, rangi yake kahawia iliyoiva, kimepachikwa kijiwe cha kwatzi kwenye ncha moja, na ubavuni kina mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Leo kipande hicho kiko Bruxelles, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili ya Ubelgiji, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka mahali kilipolala kwa takriban miaka 20,000.

Nikiutaja mfupa huu Butembo au Beni, watu hawakubaliani. Hoja ninazozisikia nimezipa hapa sauti nne: mwalimu wa hesabu, mama muuza samaki, mvuvi wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na mwanafunzi wa sheria. Maneno nimeyapanga mimi, ila hoja ni za mji. Nami nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Mimi naanza na kijiti hiki. Nilikata tawi la mkaratusi nikalichonga nyuma ya nyumba kwa kisu cha jikoni. Mikato 168, kama ile ya mfupa, ilinilia jioni nzima na vidole vikaniuma. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba watu wa kale walichora mistari, basi, tunaendelea na somo. Sasa najua kwamba mtu aliketi chini na kazi hii. Alishika jiwe kali, akaubana mfupa usimteleze, akakata moja moja. Wala hakukata ovyo, kwa sababu mikato imewekwa mafungu mafungu na kati ya fungu na fungu pana nafasi. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17, 19. Nyingine ina manne pia: 11, 21, 19, 9. Jumlisheni.

MWANAFUNZI: Sitini. Na hii nyingine sitini.

MWALIMU: Ile ya kati ina 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na 5, tena 5, na 7. Jumla 48. Sasa tazameni: 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20. Tatu inafuatwa na sita, nne na nane, kumi na tano. Pana kuzidisha kwa mbili na kugawa kwa mbili. De Heinzelin mwenyewe aliyaandika hayo mwaka 1962 katika jarida la Scientific American. Baadaye Mmarekani Alexander Marshack aliuangalia kwa hadubini, akasema hiyo ni kalenda ya kufuata mwezi.

MAMA: Ngoja kwanza, Mwalimu. Umesema sitini na sitini?

MWALIMU: Ndiyo, Mama.

MAMA: Na kila safu mafungu manne?

MWALIMU: Manne.

MAMA: Basi hao ni watu wawili walioshirikiana mali. Mmoja alichukua mara nne, mwenzake naye mara nne. Leo huyu amechukua kumi na moja, kesho yule ishirini na moja, hawalingani. Mwisho wakakaa chini wakahesabiana, kila mtu na sitini zake. Hiyo safu ya kati ni madeni ya watu wa nje. Mimi nauza samaki na shemeji yangu. Nyuma ya mlango wangu kuna mistari ya mkaa, upande wangu na upande wake, na katikati wale waliokopa. Mume wangu akitaka kupaka chokaa ukuta ule, namwambia apake kuta tatu, huo auache.

Hapo mwalimu alinyamaza, na mimi nisingemlaumu. Tafsiri ya Mama haina ushahidi. Lakini na zile za wasomi zinasimama juu ya mikato hiyo hiyo 168, na kati ya wote waliokwisha kuufafanua mfupa huu, Mama anawashinda kwa jambo moja: yeye hutumia chombo cha namna hiyo kila siku ya soko.

MWANAFUNZI: Mimi naogopa tukivimba vichwa. Wapo wataalamu wanaosema mikato ile ilikuwa ya kuzuia mkono usiteleze, maana kile kilikuwa mpini wa kijiwe. Na ili uzijue namba tasa lazima kwanza ujue kugawanya. Nani ametuambia kwamba watu wa Ishango waligawanya? Tukitangaza kwamba hesabu zote za dunia zilizaliwa Beni, atatokea mtu kutoka kusini mwa Afrika na mfupa wa Lebombo. Ule una mikato 29 na umri wake ni zaidi ya miaka 40,000. Tutabaki tukishindana vifupa.

MWALIMU: Sisemi hesabu za dunia nzima. Nasema mtoto wa Butembo anafundishwa Pythagoras wa Ugiriki na wala hajui kwamba upande wa pili wa vilima hivi anavyoviona kutoka dirishani kuna mahali mtu alihesabu kitu, kitu chochote, miaka 20,000 iliyopita. Hata kama alikuwa anahesabu samaki.

MVUVI: Kama ni samaki, niulizeni mimi.

MWALIMU: Karibu, ndugu yangu.

MVUVI: Mnauzungumza huo mfupa wa hesabu peke yake, wakati mahali pale palikuwa pa wavuvi. Niliona picha za vyusa vyao. Vilivyotoka tabaka za chini vina meno pande zote mbili, vya tabaka za juu vina meno upande mmoja. Mtu alibadilisha chombo chake. Mvuvi habadilishi chombo bila sababu. Ama samaki amebadilika, ama amechoka kutengeneza meno mengi. Na nasikia huko chini, ukishuka na Semliki, kuna vya zamani kuliko hivyo.

MWANAFUNZI: Katanda. Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walichimba huko miaka ya 1980. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vyusa vya Katanda vina umri wa karibu miaka 90,000. Wapo waliobisha, kwa sababu Ulaya vyombo vya namna hiyo huonekana karibu miaka 14,000 tu iliyopita. Pamoja na vyusa ilitoka mifupa ya kambare wakubwa sana.

MVUVI: Wakubwa kwa sababu walikuwa wanazaa. Mvua zikianza, kambare mkubwa hupanda kwenye maji mafupi, tumbo limejaa mayai, hakimbii. Hapo humhitaji mtego wa akili nyingi, unasimama majini na chusa. Hata leo ni hivyo. Isipokuwa leo maji mafupi ni ya parki. Nikisogeza mtumbwi kwenye mazalio, nakamatwa. Watu wa miaka 90,000 iliyopita walivua pale. Mimi niliyezaliwa hapa nitalipa faini. Ndiyo maana nikisikia habari ya urithi wetu, nauliza huo urithi uko upande gani wa mpaka wa parki.

MWALIMU: Lakini unajua kwa nini mazalio yamefungwa.

MVUVI: Najua. Nyavu zimezidi, matundu yamekuwa madogo, samaki wanatolewa kabla hawajakua. Baba yangu alikuwa akirudi na tilapia za kujaza mikono miwili. Sikatai mazalio yalindwe. Nasema anayelinda na asikilize pia. Hifadhi ile iliwekwa mwaka 1925 na mfalme wa Ubelgiji, ikaitwa jina lake, Albert. Miaka 25 baadaye watu wake wakaja kuchimba ndani yake. Sisi wakati huo tulikuwa wapagazi.

Kwenye neno hili la mwisho mwanafunzi wa sheria alipata njia yake. Nampa nafasi ndefu, kwa kuwa ndiye aliyeleta jambo ambalo wengi mjini hawalijui.

MWANAFUNZI: Baba amegusa penyewe. Waliotaka kuchimba Ishango walihitaji ruhusa, na ruhusa ilipatikana. Ilitoka wapi? Kazi ya de Heinzelin ilifanywa chini ya Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Ubelgiji, iliyokuwa na makao yake Bruxelles. Ripoti ya uchimbaji ilichapishwa na taasisi hiyo hiyo mwaka 1957. Aliyeomba, aliyeruhusu na aliyepokea walikuwa nyumba moja. Mtu akiniambia mfupa ulitoka kihalali, nitamjibu kwamba sheria hiyo hatukuitunga sisi na hatukuulizwa. Sasa mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kutoka Kongo kati ya 1885 na 1960, vilivyomo katika makusanyo ya serikali yake ya shirikisho. Mfupa ulitoka 1950. Mlango umefunguliwa.

MAMA: Basi waingie kwa huo mlango, wauchukue mfupa.

MWANAFUNZI: Haufunguki kwa mtu mmoja mmoja, Mama. Ni mapatano ya serikali kwa serikali. Na kuna jambo linaniuma. Sheria hiyo imeacha nje mabaki ya miili ya watu. Pale Ishango haikutoka mikato peke yake, walitoka na watu. Mifupa yao nayo iko Bruxelles, katika taasisi ile ile. Kwa hiyo kwa sheria hii tunaweza kudai kile mtu wa Ishango alichokishika mkononi, ila yeye mwenyewe hapana.

MAMA: Yeye mwenyewe hapana?

MWANAFUNZI: Kwa sheria hii, hapana.

MAMA: Mwanangu, hayo niliyasubiri ndiyo niseme langu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa usiku, mashambani na majumbani. Tumezika watu wengi, na wengine tumeshindwa kuwafikia tuwazike. Ikaja Ebola, Agosti 2018. Kila siku redio ilitoa hesabu: jana wamekufa wangapi, wamepona wangapi. Ilipokwisha Juni 2020 wakasema waliokufa ni 2,287. Sisi ni watu wa kuhesabiwa. Halafu mnaniita mezani kuzungumza juu ya mtu aliyekufa miaka 20,000 iliyopita. Mimi nina dada aliyekimbia Oicha na watoto wanne, analala kwenye darasa. Huo mfupa utamfanyia nini?

Hakuna aliyejibu upesi. Nami niliona aibu kwa niaba ya kila makala iliyowahi kuandikwa juu ya Ishango kana kwamba ni mahali pasipo na watu. Hoja ya Mama ndiyo nzito kuliko zote, na anayeipita haraka hastahili kusikilizwa katika mengine.

MWALIMU: Hautamfanyia kitu usiku wa leo, Mama. Sitakudanganya.

MAMA: Afadhali umesema.

MWALIMU: Lakini watoto wake wanne wakirudi darasani, wakalikuta darasa lina madawati badala ya mikeka, nitawafundisha nini juu ya mahali pao? Ukitafuta jina la Beni leo, unakutana na maiti. Mtoto anakua akijua kwamba nchi yake ni mahali watu wanapofia tu. Mimi nataka ajue pia kwamba ni mahali mtu alipoketi akahesabu.

MAMA: Hilo nalielewa. Endeleeni, lakini msiseme linatangulia.

MVUVI: Na ukirudi, utawekwa wapi? Hapa tukiacha baiskeli nje usiku, asubuhi haipo.

MWANAFUNZI: Ni swali la haki. Kati ya 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yalirudisha Kinshasa vitu 114. Katika vurugu za miaka ya 1990 makumbusho ya Kinshasa yaliporwa, na baadhi ya vitu hivyo vikaonekana tena sokoni Ulaya. Wapinzani wa kurudisha hawaachi kuutaja mfano huo. Lakini mwaka 2019 Kinshasa ilifungua Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Juni 2022 Mfalme Philippe aliyapelekea kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu. Akakitoa kama mkopo usio na kikomo.

MAMA: Mkopo? Mtu anakukopesha kilicho chako?

MWANAFUNZI: Ndivyo ilivyoandikwa.

MAMA: Hapo mimi ningefuta mstari ukutani.

MWALIMU: Kwangu hata Kinshasa si jibu. Ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kutufikisha. Mwanafunzi wangu hajawahi kupanda ndege. Mfupa ukiwa Kinshasa au Bruxelles, kwake ni mamoja, atauona kwenye simu tu.

MWANAFUNZI: Na hapa Butembo, Mwalimu, tutaudai kwa jina la nani? Sisi Wanande wenyewe tunasimulia kwamba babu zetu walivuka Semliki kutoka upande wa Uganda, na hizo ni karne chache tu. Watu wa Ishango hawakuwa Wanande. Hawakuwa kabila lolote lililo hai leo. Ninaogopa tukiutia mfupa huu katika ugomvi wa nani alitangulia kufika, tutakuwa tumeongeza kuni kwenye moto uliopo.

Hapa nikashindwa kunyamaza. Mwanafunzi ana haki ya kuogopa. Katika nchi hii neno "wenyeji" limeua watu, na anayetaka kuuvalisha mfupa wa Ishango nguo ya kabila lake aambiwe hapana, hadharani. Lakini dai letu halihitaji damu. Watanzania hawakudai fuvu la kale la Zinjanthropus kwa kuwa ni babu wa Wamasai wala wa Wasukuma. Mary Leakey alilipata Olduvai Julai 1959, likapelekwa Nairobi, na mwaka 1965 likarudishwa Tanzania kwa sababu lilitoka katika ardhi yao. Kuitunza ardhi ile ni kazi yao, basi na kilichotoka humo ni amana yao. Nasi tuna haki ya namna hiyo. Kila aliye karibu na udongo wa Ishango, awe Mnande, Mbuba, Mmbuti, au mfanyabiashara aliyehamia Kasindi mwaka jana, ana sehemu.

MVUVI: Udongo wenyewe je? Mbona tunazungumzia kilichotoka, hatuzungumzii kilichobaki?

MWALIMU: Endelea.

MVUVI: Mto unakula ukingo. Kila masika kipande kinaanguka. Viboko wanapanda na kushuka hapo hapo. Na mwaka 2014 tuliona meli ya watu wa mafuta ikizunguka ziwani na mitambo yao. Kampuni ile ya SOCO iliondoka, lakini mafuta hayajaondoka, na wenye kuyataka watarudi. Siku watakapochimba, nani atawaambia kwamba hapa pana vyusa?

MWANAFUNZI: Basi tuombe wachimbaji wa kisayansi warudi, watoe vyote kabla havijaharibika.

Nilimpinga mwanafunzi hapo, na bado nampinga. Kuchimbua ni kuharibu. Tabaka ukishaifungua huwezi kuirudisha, na elimu ya kesho itakuwa na vipimo ambavyo leo hatuna. De Heinzelin mwenyewe alidhani Ishango ina umri mdogo sana; vipimo vya miaka ya 1980 ndivyo vilivyoirudisha nyuma hadi miaka 20,000, na viliwezekana kwa kuwa udongo ulikuwa umebaki wa kupima. Kule Laetoli, Tanzania, timu ya Mary Leakey iligundua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Mizizi ya migunga ilianza kuziharibu. Wataalamu walifanya nini katikati ya miaka ya 1990? Walizifukia tena, kwa mchanga, kwa kitambaa maalumu, na kwa mawe juu. Hazionekani na zipo salama. Ishango pia ikingwe na mto, ipewe walinzi, na isichimbwe na mtu, wa mafuta wala wa sayansi, mpaka barabara ya kufika huko isiwe na mauaji na mpaka mikono ya kuchimba iwe ya watu waliosomea hapa Butembo.

MVUVI: Walinzi mtawatoa wapi?

Kyavinyonge. Nilimjibu hivyo, na sikutania. Mtu anayeutambua ukingo kwa jina na anayejua masika gani uliporomoka ni mlinzi bora kuliko uzio. Alipwe mshahara, afundishwe, na mwanawe apelekwe kuiona Ishango pamoja na darasa lake, kihalali, kupitia langoni.

MAMA: Na mfupa?

Mfupa urudi. Wala usirudi kama mkopo. Umiliki uandikwe kwa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwanza, hata kama mwili wake utakaa Bruxelles miaka mingine michache ukisubiri nyumba yenye kufuli na umeme usiokatika. Nyumba hiyo ijengwe Butembo au Beni. Na watu waliozikwa Ishango wadaiwe pamoja nao, sheria ya 2022 irekebishwe au yaandikwe mapatano mengine. Nakataa kabisa kwamba chombo kinaweza kurudi kwao na mwenye chombo abaki kabatini. Mama alisema mfupa usitangulie mbele ya walio hai, nami nakubaliana naye. Dada yake apate mahali pa kulala kabla ya mfupa. Lakini barua ya kuudai haimzuii mtu kulala, na hakuna anayelazimika kungoja amani ndipo aiandike.

Basi wewe mwalimu uliyeko Butembo, Beni, Oicha, Lubero au Kasindi, kata kijiti wiki hii. Chonga 11, 13, 17, 19. Chonga 11, 21, 19, 9. Na katikati 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Wape wanafunzi wakishike, waulize wao wanadhani kilihesabiwa nini, na waandike majibu yao. Majibu hayo yakusanye, utie sahihi yako na ya wazazi, uyatume Kinshasa kwa wizara inayoshughulikia utamaduni. Ni serikali yetu peke yake inayoweza kuudai mfupa huu kwa Ubelgiji.